Bi Mwanakuu Aenda Kutazama Tu

Asubuhi ya Jumatano Bi Mwanakuu alishuka ngazi za nyumba yake ya Kibokoni akiwa na nia moja tu, na nia yenyewe haikuwa njema. Alikuwa anakwenda Ganjoni kutafuta kasoro katika nyumba ya kutunzia wazee. Asipoiona mara ya kwanza, alikuwa tayari kuitafuta tena. Alivaa buibui lake la kutokea, akatia mkobani dawa zake za presha na leso ya kuswalia, maana hakujua kasoro hiyo itamchukua muda gani kuipata.

Juu ghorofani alikuwa amemwacha Bi Mapenzi, mke mwenziwe, akiangaliwa na jirani. Hawa wawili waliolewa na mume mmoja, marehemu Ubaid, aliyekuwa na duka la leso Biashara Street. Ubaid alipomleta Mapenzi kutoka Rabai, Bi Mwanakuu alinuna mwaka mzima asimsemeshe. Aliyewapatanisha ni Ubaid mwenyewe bila kujua. Siku moja wake zake walijikuta jikoni wanamsengenya pamoja, jinsi anavyokoroma na jinsi anavyojisifu mbele za wageni, na tangu siku hiyo hawakunyamaza tena. Ubaid alipofariki, watu walikaa kungoja nani atamfukuza nani. Hakuna aliyefukuzwa. Walibaki ndani ya nyumba ile ile, wakigombania chumvi ya mchuzi na kamba ya kuanikia nguo, na usiku wakizungumza mpaka mmoja wao apitiwe na usingizi.

Halafu Bi Mapenzi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Bi Mwanakuu akamshika yeye: kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Alifanya yote peke yake, na ole wake aliyejitolea kumsaidia, maana aliambiwa hajui hata kukunja shuka. Lakini mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu mzima, na mgongo hausikii maneno. Juzijuzi waliteleza bafuni wote wawili, wakabaki sakafuni, mmoja hawezi kuinuka na mwingine hawezi kumwinua, mpaka jirani aliposikia wanavyolaumiana akaja kuwaokoa.

Ndipo Menza aliposema imetosha. Menza alizaliwa na Bi Mapenzi, lakini waliomlea ni wote wawili, na Bi Mwanakuu, ambaye hakujaliwa kuzaa, hakuwa na mtoto mwingine. Kijana alikuwa akifanya kazi bandarini na huko ndiko alikosikia habari za nyumba ya wazee ya Ganjoni. Hakumlazimisha mtu. Alimwambia Bi Mwanakuu aende akaitazame mwenyewe, kwa jicho lake lile linaloona doa kwenye sahani ya arusini. Akirudi akasema ni mbaya, yeye Menza hataitaja tena.

Kwa hivyo shauri lote lilikuwa mikononi mwake, na lilimkaa kifuani. Akisema ni nzuri, Kibokoni nzima itasema bi mkubwa ameshinda mwishowe, amemtoa mwenziwe nyumbani. Hilo la watu angeweza kulimeza, maana watu wa Kibokoni walikuwa wamekwisha kumsema kwa makubwa zaidi. Lisilomezeka lilikuwa jingine, ambalo hakumwambia mtu: Mapenzi akishaondoka, yeye atazungumza na nani? Na akisema ni mbaya, wataendelea kuanguka mpaka siku moja mmoja wao asiinuke. Alilipima jambo hili pande zote, na kila upande lilimuuma. Ndiyo maana aliiomba kasoro kwa moyo wake wote, awe na la kumwambia Menza bila kusema uongo.

Tuktuk ilimshusha mbele ya nyumba nyeupe ya ghorofa moja yenye baraza pana na vyungu vya mrihani. Hapo mlangoni alikuwa na hadhari zake. Bi Mwanakuu alijua kwamba mgeni katika nyumba ya watu haoni kitu. Yeye mwenyewe akigongewa hodi huficha vikombe vyenye ufa, hutandika zulia la Lamu na hufukiza udi, na mgeni hurudi kwao akisifu usafi. Basi alikusudia asitaje jina, asiseme ametumwa na nani, na atazame mahali wageni wasipotazama.

Aliyempokea alikuwa msimamizi wa nyumba, muuguzi aitwaye Truphosa, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Kwao ni Kakamega, lakini alikuwa amekaa Mombasa hata salamu zake zikawa ndefu za kipwani: za nyumbani, za watoto, za usingizi wa jana. Nyuma yake alisimama Charo, mhudumu wa kiume kutoka Kaloleni, ambaye alimpa shikamoo Bi Mwanakuu na kumpokea mkoba.

"Nimekuja kutazama tu," alisema Bi Mwanakuu, ili mambo yaeleweke mapema.

Truphosa na Charo walitazamana, wakatabasamu kidogo.

"Ndiyo, mama," alisema Truphosa. "Tazama taratibu. Hakuna wa kukuharakisha."

Akaketishwa kwenye kiti chenye mto wa mgongo, na mto wenyewe ukawekwa pale pale panapouma bila yeye kusema panauma wapi. Akaletewa chai ya tangawizi. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani wala ametoka wapi, na hilo, kwa adabu za kwao, lilimpendeza, kwa sababu mgeni haulizwi mlangoni. Naye kwa adabu hizo hizo hakujitangaza. Lakini kadiri walivyomfanyia wema ndivyo alivyozidi kuwashuku. Alijiambia kuwa watu hawa wameshajua amekuja kuwapima, wanamvika kilemba cha ukoka.

Alipomaliza chai akaanza kazi. Aliinua mito akainusa. Alipitisha kidole juu ya ukingo wa dirisha, akaingia bafuni na kutazama nyuma ya mlango, akakanyaga sakafu kwa nguvu kuona kama inateleza, akavitikisa vile vyuma vya kushikia ukutani kama mtu anayetaka kuving'oa. Charo alimfuata bila kumzuia, na kila alipopindua kitu alingoja amalize, kisha akakirudisha. Kitandani karibu na mlango alilala bibi kizee asiyeweza kusema wala kujigeuza. Bi Mwanakuu alimtolea salamu, akamfunua miguu, akamkagua visigino. Hapo ndipo uongo wa nyumba za wagonjwa huonekana, kwa sababu mtu anayeachwa alale upande mmoja huanza kuchubuka visigino. Visigino vya yule bibi vilikuwa laini, na vilinuka mafuta ya nazi.

Truphosa akaja kumgeuza yule bibi, maana saa yake ilikuwa imefika. Alimkunja goti, akaweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, akamvuta kwake kwa mara moja, na bibi hakuguna. Bi Mwanakuu alisimama pale akitazama mikono ile. Yeye akimgeuza Mapenzi, wanaguna wote wawili. Aliona wivu, wivu mkali kuliko ule aliouona Ubaid alipooa mara ya pili, na akatoka chumbani upesi.

Barazani alimkuta mzee mmoja, Mzee Kioko, aliyestaafu kazi ya reli, anacheza karata peke yake na kujiibia. Akaketi karibu naye na kumuuliza kwa sauti ya chini wageni wakishaondoka mambo huwa vipi humu ndani. Mzee Kioko alimtazama juu ya miwani, akamwambia wageni huja Jumapili baada ya kanisa, siku nyingine wanabaki wao kwa wao na kelele za Truphosa. Akamuuliza kama anajua kucheza karata. Bi Mwanakuu aliondoka akiamini kwamba hata wazee wamefundishwa la kusema.

Lakini Mungu hamtupi mja wake, na kasoro ilikuja kwenye sahani. Alikaribishwa mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yalikuwa mazuri, yenye iliki ya kutosha. Mbaazi zilipofika kinywani, Bi Mwanakuu akafumba macho kwa furaha. Tui limekatika. Mpishi alikuwa amelitia tui zito na kuliacha lichemke bila kulikoroga, likajitenga, huku mafuta na huku maji. Kwa wazee wa Kibokoni hilo si kosa dogo, kuna wachumba waliokataliwa kwa sababu hiyo. Alilisema papo hapo, mbele ya wote, na alilisema kwa urefu.

Truphosa alionja, akakubali. Alisema yeye ndiye aliyepika, kwa kuwa mpishi ni mgonjwa, na kwao Kakamega tui halipo. Akamuomba radhi, akamuuliza kama angependa kumwonyesha kesho. Bi Mwanakuu akajibu kuwa kesho hatakuwepo. Truphosa na Charo wakatazamana tena, wakatabasamu vile vile.

Baada ya chakula Truphosa alileta beseni la maji ya moto, akaketi kwenye kigoda mbele yake, akamvua makubadhi. Bi Mwanakuu alitaka kukataa, lakini mguu ulikwisha kuingia majini. Maji yalikuwa na moto unaovumilika. Truphosa alimsugua visigino kwa jiwe, akamkausha kidole kimoja kimoja, akatoa mkasi na kuanza kumkata kucha. Kucha zilikuwa ndefu, nene, moja imeanza kuingia nyamani. Bi Mwanakuu aliona haya. Tangu mgongo uanze kumsumbua hakuwa anazifikia, na hakuwa na wa kumwomba. Za Mapenzi alizikata kila Ijumaa, lakini zake alizificha chini ya buibui.

Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika mguu. Hakuna aliyekuwa amemshika popote kwa muda mrefu, ila Mapenzi anapomkumbatia shingo ili ainuliwe. Machozi yakamjaa, akakasirika kwa kuwa yanamjaa, akageuza uso kutazama mrihani. Truphosa aliendelea kukata. Kisha akampaka mafuta, akamwambia apumzike kidogo, chumba chake ki tayari.

"Chumba changu?" aliuliza Bi Mwanakuu.

Charo akaufungua mlango. Palikuwa na vitanda viwili, kimoja kimetandikwa shuka mpya, na mkoba wake wenye dawa na leso umewekwa vizuri juu ya meza ndogo. Papo hapo tuktuk ikasimama nje. Akaingia mwanamke mzee mwenye kofia ya kanisani, amefura kwa hasira, na nyuma yake msichana anaburuta sanduku.

"Nimekuja kutazama tu," alisema yule mzee kwa sauti iliyosikika mpaka barazani.

Truphosa alimtazama mgeni, akamtazama Bi Mwanakuu, akaweka mkono kinywani. Ikabidi waketi wote waelezane. Yule mgeni alikuwa Mama Janet wa Makupa, aliyengojewa tangu asubuhi aje kukaa. Binti yake wa pili, Stacy, alikuwa amewatangulizia habari kwa simu: mama yake ni mkaidi, huenda akafika peke yake, atasema amekuja kutazama tu, atapekua kila kitu na kulalamikia chakula, tafadhali wasibishane naye. Basi alipoingia Bi Mwanakuu na mkoba wake, akasema lile neno na kuanza kunusa mito, hakuna aliyekuwa na shaka. Na jina hawakumuuliza kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba: mtu siku ya kwanza haulizwi kitu mpaka ale na apumzike. Truphosa alisema desturi hiyo alifundishwa na wazee wa huku. Wa kwanza aliyemuuliza jina mlangoni aligeuka akarudi kwao.

"Nisamehe, mama," alisema Truphosa. Alikuwa ameona aibu kweli. "Tumekushika mateka siku nzima."

 Bi Mwanakuu alikuwa anaipitia siku yote upya. Chai, mto wa mgongo, beseni la maji, yote aliyoyahesabu kuwa ni maonyesho ya kumpumbaza mpimaji, hayakufanywa kwa mpimaji. Walimfanyia mzee mkaidi asiyetaka kuwepo, anayewapekulia vyumba na kuwatukania tui, na hakuna aliyekuwa akiwatazama. Kumbe nyumba hii aliiona bila zulia na bila udi. Alicheka, akamwambia Truphosa hana la kusamehewa, akamwambia na Mama Janet kwamba akae, ila mbaazi asiziguse. Lakini ndani ya tuktuk ya kurudi hakuwa anacheka. Kasoro aliyokuwa nayo ni tui peke yake.

Bi Mapenzi alikuwa ameegemezwa mito dirishani, anamngoja. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala, lakini jicho la upande wa pili halikupitwa na kitu. Bi Mwanakuu alivua buibui na kuanza moja kwa moja na tui. Alilieleza jinsi lilivyokatika, rangi yake na mafuta yake, akatia na chumvi ya kwake. Bi Mapenzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani amekukata kucha?" aliuliza. Maneno yalimtoka polepole, moja moja.

Bi Mwanakuu alitazama miguu yake. Ikabidi asimulie yote, mpaka Mama Janet na kofia yake, na Bi Mapenzi akacheka kwa nusu ya kinywa hata kitanda kikatikisika. Kicheko kilipotulia, Bi Mwanakuu aliketi ukingoni mwa kitanda. 

"Wanakuweza kuliko miye," alisema. "Yule mwanamke akimgeuza mtu, mtu haguni. Weye nakuumiza kila siku, na wanyamaza."

"Waniumiza," alikubali Bi Mapenzi. Hakuwa mtu wa kupamba. "Lakini si hilo. Miye tangu tulipoanguka nataka kwenda."

Bi Mwanakuu aligeuka kumkabili. Kila mara Menza alipoitaja nyumba ya wazee, Bi Mapenzi alikuwa akifumba macho na kugeuzia uso ukutani, na wao wote wawili walidhani anakataa kwa hofu ya kutupwa.

"Na mbona hukusema?"

Bi Mapenzi alichukua muda kukusanya pumzi. "Nikenda, nani atakuinua weye?"

Bi Mwanakuu akasema yeye hajapigwa na kiharusi, yeye anatembea kwa miguu yake, anapanda na kushuka ngazi, na hahitaji kuinuliwa na mtu. Alisema kwa hasira. Bi Mapenzi alimngoja amalize, kama alivyomngoja tangu ujana wao.

"Wale wa Ganjoni hawakukosea, Mwanakuu," alisema.

Bi Mwanakuu aliinuka akaenda jikoni, akagonganisha sufuria ambazo hazikuwa na kosa. Alikuwa amekwenda kumpima kila mtu kule Ganjoni, na kumbe huku nyumbani kuna aliyekuwa amelala akimpima yeye: anavyoshika ukuta akishuka, anavyoficha miguu, anavyoamka usiku akijikanda kiuno. Alikasirika kwa kujulikana hivyo. Kisha hasira ikamwisha, na mahali pake pakabaki kitu chepesi alichokisahau kwa muda mrefu, nacho kilikuwa furaha. Yeye naye ameulizwa nani atamwinua. Kuna mtu aliyeikataa raha yake mwenyewe kwa ajili yake yeye.

Alirudi chumbani na kikombe cha maji, akamnywesha mwenziwe, akaketi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kuna chumba kimoja kule cha vitanda viwili, na Mama Janet hakukitaka kwa kuwa anapenda kulala peke yake. Kitanda kimoja ki dirishani, kinapata upepo. Menza anaweza kuulizwa leo usiku.

"Cha dirishani ntalala miye," aliongeza, kwa kuwa katika nyumba ile bi mkubwa ndiye aliyechagua kwanza, na hakuona sababu ya kubadilisha mambo.

Bi Mapenzi alitikisa kichwa. Jicho lake zima lilikuwa linameta.

"Huku bi mkubwa ni weye, kwani ulitangulia kuingia," alisema. "Kule nipelekeni miye kwanza. Kule bi mkubwa ni miye."

 Bi Mapenzi alicheka mpaka mate yakamtiririka upande ule uliolala. Bi Mwanakuu akamfuta kwa upindo wa leso yake, akajifuta na yeye machozi kwa upindo ule ule, akakubali kuwa bi mdogo.